Vitu Tunavyovipenda na Watu wa Nyumba Yetu

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya swali linaloonekana dogo. Mtu akiwa na kazi ya mikono anayoipenda, isiyo kazi yake ya mshahara, aipe nafasi gani nyumbani mwake? Mmoja anafuga njiwa, mwingine anafungua na kufunga redio mbovu, mwingine anapanda maua mbele ya mlango. Mimi napenda kushona. Tena napenda mashini za kushona zenyewe, hasa zile za zamani. Swali hili mimi pia nililiona dogo, mpaka siku lilipoumiza mguu wa mama mkwe wangu. Habari hiyo nitaisimulia, ijapokuwa hainipi sifa.

Kwanza mjue nilivyoanza. Baba yangu alikuwa fundi mshoni hapa Lubumbashi. Nilipokuwa mtoto nilikaa chini ya meza yake, nikitazama miguu yake ikikanyaga chuma na gurudumu likizunguka. Alinifundisha kupitisha uzi, kujaza bobini, kutia tone la mafuta katika kila tundu, na kufuta vumbi kabla ya kufunika. Baadaye nilikwenda seminari. Sikufika upadri, nikawa katekista, nikaoa. Baba alipokufa aliniachia Singer yake ya kukanyaga. Jioni, baada ya mafundisho, nilikaa mbele yake kwa muda wa saa moja, nikishona suruali ya mtoto ao kitambaa cha meza, na uchovu wa siku ukanitoka.

Siku moja sokoni niliona wanunuzi wa vyuma chakavu wameweka chini mashini ya zamani, na nyundo iko karibu. Maua yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa bado yanaonekana chini ya vumbi. Moyo ukaniuma, nikainunua. Kwa juma mbili niliifungua, nikaiosha kwa petroli, nikaitia mafuta, mpaka ikashona. Furaha niliyoipata siku ile siwezi kuieleza. Basi nikaanza kutafuta nyingine. Mji wetu haukosi mashini za zamani. Wakati wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutwaliwa na serikali mwaka 1967, wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona katika kambi, na mashini ya kushona ilikuwa mali ya heshima katika jamaa. Leo mabibi wale wamekufa, wajukuu wanauza. Baada ya miaka minne nilikuwa nazo saba. Nyumba yetu ina saloni na vyumba viwili, jiko liko nje. Tunakaa mimi, mke wangu, watoto wanne na mdogo wa mke wangu: watu saba, mashini saba.

Jirani mmoja aliniuliza: «Katekista, katika mji ambamo watu wanatafuta unga wa kesho, je, ni haki wewe kushona kwa kujifurahisha?» Swali lake ni zuri, na yafaa tulijibu kabla ya kuendelea.

Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Eklezia, alijiuliza kama mchezo na burudani vyaweza kuwa na fadila. Anajibu kwamba roho nayo huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko la roho ni furaha. Anakumbusha habari ya kale juu ya Mtakatifu Yoane Mwinjili. Watu walikwazwa walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yoane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, tena apige, na tena. Kisha akamwuliza kama angeweza kufanya vile bila kuacha. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Hivyo hivyo, akasema Yoane, ingevunjika roho ya mtu isiyolegezwa hata kidogo.

Basi furaha ya mikono ni halali, hata kwa maskini. Nathubutu kusema, hasa kwa maskini. Mtu anayefanya kazi kwa ajili ya chakula tu mwishowe hujiona kama tumbo lenye mikono. Mtu anayeshona vizuri mfuko ambao hakuna aliyemwagiza huonja kidogo uhuru wake. Wazee husema: kipendacho roho ni dawa. Nami nakubali. Lakini dawa nayo ina kipimo, na mwenye kumeza chupa nzima hatapona upesi zaidi.

Kipimo hicho tukitafute wapi? Historia ya mashini yenyewe yaweza kutusaidia. Mfaransa mmoja, Barthélemy Thimonnier, fundi mshoni, alipata hati ya serikali kwa ajili ya mashini yake ya kushona mwaka 1830. Kule Paris karakana ikafunguliwa, yenye mashini karibu 80, kushona nguo za askari. Mwaka 1831 mafundi washoni wa mji wakaivamia wakavunja mashini, kwa sababu waliogopa kukosa mkate. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857. Sisemi kwamba wale waliovunja walifanya vema. Lakini tangu mwanzo swali lilikuwa hili: mashini hii inakuja kumpa mtu nafasi, ao inakuja kumwondoa?

Kule Marekani, Elias Howe alipata hati yake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Gandhi wa Uhindi, ambaye hakupenda mashini zimtawale mtu, mwaka 1924 aliitoa mashini ya Singer katika lawama zake. Aliiona kuwa imezaliwa kwa mapendo: kwamba Singer alimhurumia mke wake aliyechoka na sindano. Ni wazo zuri. Lakini maisha ya Singer mwenyewe hayakuwa hivyo. Alizaa watoto kwa wanawake wengi na nyumba zake zilijaa ugomvi. Ndiyo kusema mapendo hayamo ndani ya chuma. Mashini ile ile yaweza kuwa tunda la huruma katika nyumba moja, na katika nyumba nyingine ikawa kisingizio cha mtu asiyetaka kuwatazama wenzake. Mimi nilifika karibu na hali hiyo ya pili.

Ilikuwa mwezi wa nane. Mjane mmoja wa jumuiya yetu ndogo alikuja kuniomba mashini moja kwa majuma matatu. Alitaka kushona nguo za shule, nyeupe na za buluu, kabla ya watoto kurudi darasani mwezi wa tisa, aziuze apate karo ya watoto wake mwenyewe. Nilimwambia: «Mama, mashini hizi ni za zamani sana, zitakusumbua.» Akaniamini, ao alijifanya kuniamini, akaenda. Maneno yangu yalikuwa uongo. Mashini tano kati ya saba zilishona vizuri kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezitengeneza. Niliogopa mikwaruzo juu ya maua ya dhahabu. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa nyingi, mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini kwa ajili ya kutibiwa macho. Ninyi mnajua namna sisi tunavyomheshimu mama mkwe. Hata kupita karibu naye mtu huinamisha kichwa. Tulimpa chumba cha watoto, na watoto wakalala saloni juu ya mkeka. Lakini katika chumba kile zilikuwamo mashini nne. Sikuziondoa. Nilizisogeza kidogo tu ukutani, nikaona imetosha. Mashini ya kukanyaga, pamoja na meza yake, inachukua karibu meta moja ya ukuta, na chuma chake cha chini hujitokeza mbele.

Mama mkwe alikaa nasi siku kumi na mbili. Siku ya nane mtoto wetu wa tatu alinijia akaniambia: «Baba, kambo anafunga kitambaa mguuni, na damu imetoka.» Mke wangu akaenda kutazama. Usiku wa pili tu wa kukaa kwetu, mama, asiyeona vizuri, aliamka kwenda nje akajigonga na chuma cha mashini. Kidonda kilikuwa kirefu kama kidole. Siku sita alikificha chini ya kitenge, asije akamwaibisha mkwe wake.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikiwa nimesimama mbali kidogo kama desturi inavyotaka. Alinijibu kwa upole: «Baba, usisumbuke. Niliona vitu vyako vimefunikwa vizuri, vimelala. Sikutaka kuviamsha.»

Hakuwa ananilaumu. Nadhani alisema tu alichokiona kwa macho yake yale mabovu. Lakini nilipoingia saloni usiku ule, niliona mtoto wetu wa mwisho amelala bila shuka. Mwenzake alikuwa amelivuta lote. Na mashini zangu, kila moja ilikuwa na kitambaa chake, nilichoshona mwenyewe kwa kipimo chake, chenye pindo.

Wapenzi wasomaji, tangu usiku ule nimefikiri sana. Nilikuwa nikijitetea hivi: mashini ni zangu, nilizinunua kwa franka zangu, sikumwibia mtu. Ndivyo ilivyo. Lakini nilikumbuka somo la seminari. Mtakatifu Toma anapotufundisha juu ya mali, anatofautisha mambo mawili. La kwanza, mtu anaweza kuwa na kitu kikawa chake, kwa maana kila mmoja hutunza vizuri zaidi kilicho chake. La pili, katika kukitumia, asikihesabu kuwa chake peke yake, bali awe tayari kukishiriki na wenzake wanapokuwa na haja. Nilishika sana fundisho la kwanza. Mashini zilikuwa zangu, nami nilizitunza kuliko wote. Fundisho la pili nililisahau. Zilikuwa zangu hata katika kutumiwa, wala mimi mwenyewe sikuzitumia.

Tena Matendo ya Mitume yanatuambia habari za Tabita wa Yopa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Habari ile haitupi hesabu ya vyombo vyake. Alichojulikana nacho kilikuwa juu ya miili ya wajane. Nilijiuliza: kama ningekufa juma hili, yule mjane wa mwezi wa nane angeonyesha nini? Angeonyesha mikono mitupu, na neno langu la uongo.

Hata chuma chenyewe kinashuhudia jambo hili. Mafundi wanajua kwamba mashini ya kushona haiharibiki upesi kwa kushona. Iliyotiwa mafuta na kutumiwa itafanya kazi miaka mia moja. Iliyowekwa tu, mafuta yake hukauka yakawa kama gundi, mkanda wake wa ngozi hukakamaa, na mvua ikija, kutu huingia katika sindano kwanza. Kumbe mimi niliyesema nazilinda, nilikuwa naziua pole pole.

Hapo nilimwendea mke wangu, nikamwambia kwamba nitaziuza zote. Nilidhani atafurahi. Akacheka kidogo, akasema: «Baba watoto, usiende mbio namna hiyo. Ukiuza zote leo, kesho utakaa hapa na uso wa matanga, na sisi sote tutailipa huzuni yako. Mimi sikuchukia mashini. Nilichukia kwamba hukuniuliza.»

Neno lile lilinifundisha kuliko vitabu. Kila anayejua kushona anajua kwamba mashini ya nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, inafunga mshono katikati ya kitambaa. Uzi wa juu ukikazwa mno, unaulazimisha wa chini kupanda, na kitambaa kinakunjamana. Ukilegezwa mno, vifundo vinashuka upande wa chini. Fundi hakati uzi mmoja ili kumaliza ugomvi. Anatafuta kukaza kwa kiasi mpaka nyuzi zikutane katikati. Mimi kwanza nilikaza mno bila kumwuliza mwenzangu. Kisha nikataka kukata. Yote mawili ni kosa la mtu anayeamua peke yake.

Basi tulikaa sote, hata watoto, na mama mkwe akisikiliza kutoka chumbani. Tukapatana hivi. Mashini ya baba yangu itakaa saloni. Kichwa chake kina bawaba, kinashuka ndani ya meza, kifuniko kinarudi juu, ikawa meza ya kawaida ya kuandikia. Mashini ndogo ya kuzungusha kwa mkono, yenye sanduku lake la mbao, itakaa chini ya kitanda chetu. Mbili zitoke ziende kwa wanaohitaji, moja kwa yule mjane. Moja iende parokiani kwa wasichana wanaojifunza kushona. Moja iliyokuwa mbovu tuifungue, vipuri vyake visaidie nyingine. Hiyo iliniuma, kwa maana ni ile ya kwanza niliyoiokoa na nyundo, nayo iliharibika tena ndani isiweze kupona. Ya saba haina kazi nyumbani. Inashona, lakini sindano zake hazipatikani tena. Mke wangu akasema: «Hiyo iache juu ya kabati. Kila mtu awe na kitu kimoja cha moyo tu.» Iko pale hata leo. Sina sababu nyingine ya kuwa nayo, nami naitazama kila siku.

Nilimpelekea mjane mashini yake mwezi wa kwanza. Shule zilikuwa zimefunguliwa tangu mwezi wa tisa. Mtoto wake mkubwa alikuwa amekaa nyumbani miezi mitatu. Alipokea, akanishukuru kwa maneno machache, akaanza kuipangusa. Sikustahili zaidi. Wema unaochelewa ni wema bado, lakini hauwezi kurudisha mwezi wa tisa.

Labda mmoja wenu atasema: «Kwa namna hii tutabaki na vitanda na sufuria tu, kwa maana daima kuna mtu mwenye haja.» Hapana. Nyumba isiyo na kitu hata kimoja cha kupendwa inafanana na kambi ya askari. Ulaya na Marekani wako wakusanyaji wanaotunza mashini za zamani kwa elimu. Mjini London zaidi ya 600 zilikusanywa katika makumbusho moja, na mtu akiziona anajifunza akili na jasho la wazee. Kazi hiyo ni njema. Lakini makumbusho ina vyumba vyake. Mimi nilitaka kufanya makumbusho ndani ya chumba cha watoto.

Wengine watasema: «Tatizo ni nyumba ndogo tu, mwenye nyumba kubwa hana shida hii.» Hilo nalo si kweli kabisa. Nyumba ndogo inaonyesha upesi kile ambacho nyumba kubwa inaficha. Waundaji wa mashini walijua tangu zamani kwamba nyumba nyingi ni finyu. Ndiyo maana walitengeneza kichwa kinachoshuka ndani ya meza, na mwaka 1933 Singer walitoa mashini ndogo ya umeme yenye uzito wa karibu kilo 5, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Fundi wa chuma alifikiri jinsi mashini itakavyompisha mtu. Je, mwenye nyumba asifikiri?

Kwa hiyo, ewe msomaji mwenye kupenda kazi ya mikono, iwe ya kushona ao nyingine, nakuachia maswali matatu ya kujipima. La kwanza: watu wa nyumba yako ulipowapa vitu hivi nafasi, je, uliwauliza? La pili: mgeni ao mgonjwa akija, je, vitu vinampisha, ao yeye anavipisha? La tatu: mtu mwenye haja akikiomba, unamwambia ukweli? Waweza kukataa, vyombo vingine havifai kuazimwa. Lakini ukiona umeanza kusema uongo kwa ajili ya kitu, ujue kitu hicho kimeshavuka mahali pake, hata kama kimewekwa vizuri pembeni.

Mama mkwe alirudi kijijini, kidonda kimefunga. Mwaka uliofuata alikuja tena akalala katika chumba kisicho na chuma. Nilimshonea shuka jipya, akalikubali.

Jioni hizi, nikirudi kutoka mafundisho, naikuta meza ya baba imejaa madaftari. Watoto wanaandika juu ya kifuniko, na mashini imelala chini yao. Zamani ningewafukuza. Sasa nachukua kiti, nakaa karibu, nawasaidia katika hesabu, nangoja wamalize. Wakimaliza, mkubwa anakusanya madaftari, mdogo anainua kifuniko, nami nakivuta kichwa juu. Inabaki nusu saa ya kushona, siku nyingine robo. Inanitosha.